Mgeni Aliyetoka Kwenye Kioo

Idara nzima ilimwita Mama Wageni, na yeye alilipenda jina hilo kuliko cheo chochote walichowahi kumpa. Wenzake katika kemia walikuwa watu wa kufungisha ndoa: wanachukua chembe hii na chembe ile, wanaziunganisha, na baada ya hapo hazitengani mpaka uzichome moto. Yeye hakuwa na habari na ndoa. Kazi yake ilikuwa kujenga molekuli yenye umbo la kikombe, ndogo kiasi kwamba hakuna jicho la kuiona, halafu kungoja chembe nyingine ipite, iingie, ikae humo bila kufungwa, na ikitaka kutoka itoke. Kikombe alikiita mwenyeji. Kinachoingia alikiita mgeni. Ugumu wote, aliwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ni kumfanya mwenyeji amtambue mgeni wake mmoja katikati ya umati, amfungulie huyo na wengine awaache nje. Mkiweza hilo, aliwaambia, mmemaliza masomo, nendeni nyumbani. Hakuna aliyewahi kwenda nyumbani.

Mgeni aliyemtaka yeye alikuwa mmoja tu, na kisa chao kilianza utotoni. Mtaa aliokulia ulikunywa maji ya kisima, maji baridi, matamu, safi machoni, yenye floridi kupita kiasi. Watoto walioyanywa waliota meno yenye madoa ya kahawia, na hapakuwa na mswaki wala mkaa wa kuyatoa. Mama yake, fundi cherehani, aliolewa pale meno yake yameshaota zamani, kwa hiyo alibaki na meno meupe katikati ya familia ya kahawia, na jambo hilo lilimuuma kana kwamba yeye ndiye aliyewanywesha. Ndiye aliyeshona magauni ya mabibi harusi wa mtaa mzima. Kila mmoja alimletea picha, naye alizitundika ukutani juu ya cherehani, safu kwa safu. Siku moja alisimama akazitazama zote kwa pamoja, akaona kwamba hakuna hata bibi harusi mmoja aliyefumbua mdomo. Binti yake alikuwa na miaka tisa alipoanza kucheka na kiganja usoni. Sasa alikuwa na hamsini na mbili, daktari wa kemia, na kiganja kilikuwa bado kinapanda chenyewe.

Floridi ni mgeni msumbufu. Ni ndogo, na maji huing'ang'ania kama mama aliyembeba mtoto sokoni. Vikombe vyake vya mwanzo viliipita bila kuiona. Cha saba kilishika chumvi ya kawaida. Cha kumi na tisa kilishika kila kitu, na mwenyeji anayempokea kila mtu, alisema, huyo si mwenyeji, ni stendi ya mabasi. Cha thelathini kiliharibika kabla hakijapimwa. Miaka kumi na mmoja ilikwenda hivyo, ghorofa ya pili, katika maabara yenye bomba linalodondosha maji na dirisha lisilofunguka bila bisibisi. Ndipo kikaja kikombe cha arobaini na moja.

Kujua kama mgeni kaingia, alitumia mashine ya sumaku, ile kubwa ya chumba cha chini, ambayo huchora mstari wenye vilele kwenye karatasi. Floridi iliyo peke yake majini ina kilele chake, mahali pake maalumu. Ikikumbatiwa, kilele huhama. Siku ile kilele kilihama. Akarudia mara tisa, na mara tisa kikahama, hakikukosa hata mara moja. Makala ikatoka kwenye jarida kubwa, na mchoro wa kikombe ukapamba jalada. Mama yake alilitia jalada hilo fremu akalitundika katikati ya mabibi harusi. Mteja akiuliza hiki ni nini, mama alijibu kwa kifua mbele kwamba ni kikombe cha binti yake. Mteja akiuliza kinafanya nini, mama alimwambia anyooshe mikono apimwe kiuno.

Ikapita miaka kumi na miwili. Mama Wageni alialikwa kwenye vyuo vya watu, akatoa mihadhara, akafundisha wanafunzi ambao nao walifundisha wengine, na sasa hatimaye kamati ilikuwa imepanga siku yake ya uprofesa. Atatoa mhadhara mbele yao na mbele ya umma, kisha watapiga kura. Zilibaki wiki tatu. Mama yake, miaka sabini na sita, miwani miwili kwa zamu, alikuwa ameshaanza kushona joho. Aliambiwa majoho yanakodishwa. Akajibu kwamba binti yake si meza ya kufunikwa na kitambaa cha kukodi.

Hapo ndipo Mzee Pumzi alipougua ngiri.

Mzee Pumzi alikuwa fundi wa kioo wa chuo. Karakana yake ilikuwa ghorofa ya chini, na kila chupa, kila mrija, kila kibakuli cha maabara zile kilitoka kinywani mwake, kwa pumzi yake na moto wake. Chini ya kila chombo aliweka alama ndogo ya mviringo, ili mtu asije akadhani kimenunuliwa dukani. Alijivuna, na alikuwa na haki. Katika miaka ishirini na sita hakuna chombo chake kilichovuja. Alifanyiwa upasuaji, akakatazwa kupuliza kwa miezi miwili, na maabara ikaishiwa vyombo.

Mwanafunzi wa uzamivu wa Mama Wageni, msichana mpole wa mdomo lakini mbishi wa mikono, alikuwa amepewa kazi ya kurudia kikombe cha arobaini na moja kwa mazoezi. Kwa kukosa vyombo vya kioo, alinunua chupa na mirija ya plastiki. Kilele hakikuhama. Alimweleza mwalimu wake, na mwalimu, bila hasira, akamwambia anawe mikono aanze upya. Akaanza upya. Mara ya tatu alikuja na karatasi za mashine, akasimama mlangoni.

"Mwalimu," alisema, "kikombe hakina mtu."

Mama Wageni alivaa koti lake jeupe akafanya mwenyewe. Plastiki, kikombe, floridi, maji yenye uchachu kidogo wa asidi kama alivyofanya siku zote. Kilele kilikaa pale pale. Akatafuta chombo cha Mzee Pumzi, akakipata juu ya meza yake, kimejaa kalamu. Akazimwaga kalamu, akakisafisha, akafanya jambo lile lile ndani yake, akaliacha mpaka kesho yake asubuhi kama ilivyokuwa desturi yake. Asubuhi kilele kilikuwa kimehama, vizuri, kwa kipimo kile kile cha kwenye jarida.

Akaketi kwenye kigoda cha maabara. Hakuhitaji kuambiwa. Floridi kwenye maji yenye uchachu hula kioo. Ndiyo maana madukani huuzwa kwenye plastiki. Jambo hilo yeye mwenyewe alilifundisha kila mwaka, wiki ya tatu, na alikuwa na mzaha maalumu wa kulifundishia. Lakini floridi yake ilikuwa kidogo na uchachu wake ulikuwa hafifu, basi alijiambia kioo hakitahisi. Kioo kilihisi. Kwa saa zile za kungoja, floridi ilikuwa inachomoa silikoni, chembe inayojenga kioo, kutoka kwenye ukuta wa chupa, floridi sita zinaizunguka silikoni moja, na kundi hilo ndilo lililoingia kikombeni na kukaa. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akimpokea mgeni aliyetoka kwenye kioo na kumwita kwa jina la mtu mwingine.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Halafu aliogopa, kwa sababu ukurasa wa kwanza wa faili lililokuwa mezani kwa kamati ulikuwa ni ile makala.

Mkuu wa idara, ambaye alimwendea ofisini, alikuwa amesoma naye tangu ujana. Alifunga mlango, akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Hakumwambia adanganye. Alimwambia tu kwamba mhadhara umekaribia, kura ni siku hiyo hiyo, na makosa ya kemia hayaozi. Yanaweza kusubiri mwezi mmoja yakasemwa kwa utulivu. "Funika kombe mwanaharamu apite," alisema, kisha akatambua anaongea na nani kuhusu vikombe, akakohoa. Na msidanganywe na heshima ya wasomi: Mama Wageni alikubali. Siku mbili nzima alikubali. Aliandaa hata picha za mhadhara, na kikombe cha arobaini na moja kikiwa cha kwanza.

Siku ya tatu alishuka karakana. Mzee Pumzi alikuwa amerudi kazini kwa ukaidi, haruhusiwi kupuliza, anapanga rafu na kumgombeza kila aliyeingia. Mama Wageni alikwenda kumwomba atafute kioo cha aina nyingine ili wakijaribu, lakini alipofika akajikuta anamweleza yote. Uso wa mzee ulibadilika. Akauliza kama anasema kioo chake kibovu.

"Sisemi kibovu, mzee wangu. Nasema kimeliwa."

 Mzee akatoa funguo mfukoni, akainama polepole kwa ajili ya mshono wake, akafungua kabati la chini kabisa, lile ambalo wote walidhani lina rangi za zamani. Ndani yake zilikuwemo chupa, safu nyuma ya safu, kila moja na kipande cha karatasi kilichoandikwa tarehe. Akamkabidhi moja. Nje iling'aa. Ndani ilikuwa na ukungu, ukungu mweupe wa kioo kilichochunika, usiotoka kwa kidole.

Zote zilitoka kwenye maabara yake. Mwaka ule wa kwanza, alieleza, aliona vyombo vyake vinarudi kuoshwa vikiwa na ukungu. Akavisugua, haukutoka. Akadhani amepika kioo vibaya, amezeeka, jicho limefifia. Akaona haya kumwambia. Basi kila Ijumaa, vyombo vilipoteremshwa, alitoa vyenye ukungu akaweka vipya mahali pake, vikapanda juu vikiwa safi, na binti wa watu hakuona kitu. Tarehe aliandika kwa sababu fundi huandika.

"Nilidhani naficha aibu yangu," alisema Mzee Pumzi. "Kumbe nilikuwa nakufichia jibu."

Mama Wageni alizihesabu. Zilikuwa sitini na tatu. Alikaa sakafuni kati ya chupa hizo akiwa na koti lake jeupe, na kitu kilichompanda kifuani hakikuwa hasira. Watu wawili wenye kujivunia kazi zao, ghorofa mbili, ngazi ishirini na nne katikati, na kwa miaka kumi na miwili kila mmoja amefunika kombe lake. Kama yeye angeshuka kuuliza mbona vyombo vyake havizeeki, au kama mzee angepanda na chupa moja mkononi, jambo lingekwisha kwa kikombe cha chai. Na sasa yeye alikuwa anataka kufunika tena, kwa kujua, mbele ya umma. Alimwambia mzee hataweza. Mzee akasema yeye pia amechoka na lile kabati.

Jumapili alikwenda kwa mama yake kujaribu joho. Alisimama amenyoosha mikono, pini zimemzunguka, mabibi harusi wanamtazama ukutani na midomo yao iliyofumbwa, akasimulia. Hakupunguza neno. Kwamba kikombe hakishiki floridi, hakijawahi. Kwamba jalada lile ni la kuteremshwa. Kwamba huenda joho hili lisivaliwe.

Mama yake alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine. Akauliza swali ambalo kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuuliza: kwani kile kikombe hakishiki kitu chochote?

Binti akajibu: kinashika, mama. Kinamshika huyo wa kwenye kioo. Wiki hii nimejaribu kukichanganyia wengine zaidi ya ishirini, chumvi, chokaa, sabuni, kila takataka, na kinamchagua yeye tu.

"Basi kikombe hakikukosea," alisema mama. "Kimemjua mtu wake miaka yote hiyo. Aliyekosea ni mwenye kikombe." Akarudisha pini moja begani. "Na mshono uliokosewa unafumuliwa, mwanangu. Ukiufunika kwa ua, siku ya kufua utaonekana, na ua lako pia. Geuka huku."

Akageuka. Alikuwa analia, lakini mama yake alipima mgongo kana kwamba haoni, na kipimo kilikuwa sahihi.

Barua kwa jarida ilikuwa na kurasa mbili. Ilisema makala iondolewe, na kwa nini, na chini yake zilikuwa sahihi tatu. Ya kwanza yake. Ya pili ya yule mwanafunzi, ambaye idara ilikuwa imeshampachika jina la Bi Plastiki na yeye akalikubali kwa furaha. Kuhusu ya tatu palitokea ubishi karakana. Mzee Pumzi alisema yeye hakumaliza shule, jina lake litafanya nini kwenye karatasi ya wasomi? Mama Wageni alimjibu kwamba ushahidi ni wake, chupa sitini na tatu, tarehe kwa tarehe, na kwamba katika chuo kizima hakuna aliyeweka kumbukumbu ndefu kama hiyo, hata maprofesa. Mzee alifikiri, akafuta mikono kwa kitambaa, kisha akaomba jambo moja: waandike majina yake yote matatu, na la babu wasilifupishe.

Siku ya mhadhara ukumbi ulijaa. Mama yake alikaa mbele, Mzee Pumzi kando yake, amevaa suti aliyoshonewa kwa harusi ya mwanawe. Mama Wageni hakuvaa joho; lilibaki nyumbani kwenye kabati. Hakuwasha picha. Alipanda na chupa moja yenye ukungu, akaiinua waione.

"Kwa miaka kumi na miwili nimewaambia kikombe changu kinaitambua floridi," alisema. "Si kweli. Nimekuja kuwaonyesha ukweli ulikuwa wapi."

Akawaonyesha. Alieleza kilele na jinsi kilivyohama, akaeleza plastiki, akaeleza kabati, na aliposema jina la Mzee Pumzi alilisema lote, mpaka la babu. Mkuu wa idara aliangalia viatu vyake, halafu, tumpe haki yake, akainua kichwa na kuendelea kusikiliza. Mjumbe mmoja wa kamati, mzee mkavu aliyetoka chuo kingine, aliuliza kwa upole wa kisu: ikiwa makala imeondoka, daktari amebaki na nini?

Alijibu bila haraka. Amebaki na kikombe ambacho hakijakosea hata siku moja. Amebaki na sababu, ambayo jana hakuwa nayo. Na Bi Plastiki ameleta wazo, si la kuahidi mtu, la kujaribu tu: kama floridi haiingii ikiwa peke yake, basi maji ya kisima yapitishwe kwanza kwenye mchanga, ambao una silikoni kama kioo, yakiwa na uchachu, mgeni amchukue mwenzake huko, kisha waje wote kwenye kikombe kinachowajua. Huenda itashindikana. Wataanza Jumatatu, kwa plastiki. Alipokuwa akisema hayo, Mama Wageni alisikia sauti yake mwenyewe ukumbini na akatambua kwamba hajawahi kujivunia kazi yake kama dakika ile, hata siku ya jalada.

Kamati haikupiga kura. Waliandika kwa lugha nzuri kwamba faili lirekebishwe na lirudi baada ya mwaka mmoja. Barua ilisomwa kwenye ngazi za nje, na mama yake, aliyeshona joho lile kwa macho ya miwani miwili, alisema neno moja tu kuhusu jambo hilo. Alisema joho haliozi.

Pale pale kwenye ngazi mpiga picha wa chuo aliwapanga. Mama Wageni na mama yake katikati, Bi Plastiki kulia, Mzee Pumzi kushoto, akirekebisha tai na kumkaripia Mama Wageni aishike ile chupa kwa mikono miwili, asije akaiangusha, maana sasa si chombo tena, ni ushahidi. Akaishika kwa mikono miwili. Mpiga picha akahesabu. Ndipo mama yake, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya kunong'ona ambayo ngazi nzima iliisikia kwamba suti ya Mzee Pumzi imeshonwa na mtu mwenye chuki naye. Mama Wageni akacheka. Kiganja kilitaka kupanda, lakini mikono yote miwili ilikuwa kwenye kioo.

Mama yake hakuliteremsha jalada. Aliiweka nakala ya ile barua kwa jarida chini yake, ndani ya fremu ile ile, na kando yake akatundika picha ya kwenye ngazi. Wasichana wanaokuja kupimwa magauni ya harusi huinua macho ukutani, kwenye safu zile za midomo iliyofumbwa, na hukwama pale kwenye mdomo mmoja uliofunguka, meno yote ya kahawia nje. Siku hizi wakimuuliza, mama hawaambii tena wanyooshe mikono.

"Huyo ni binti yangu," huwaambia. "Siku hiyo alikuwa ametoka kusema mbele ya watu wote kwamba alikosea. Mtazameni anavyocheka."